Baba Aliyelala Chini Siku ya Mahafali

Bado kuna ubaridi wa asubuhi Kabuta, ufukweni mwa Ziwa Mweru, na Mwewa Mumba amepiga magoti kando ya mtumbwi wa mbao uliopinduliwa. Anasukuma pamba kwenye ufa kwa patasi butu, anagonga, anasikiliza, anagonga tena.

"Ukiacha katundu kamoja tu, mayi inaingia," anasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa wachuuzi wa Kongo.

Kwa kazi hii seremala huyu mwenye miaka sitini alimsomesha bintiye, Chalwe, hadi chuo kikuu. Mwaka 1997 Chalwe akahitimu ualimu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hivyo Mwewa alisafiri peke yake kwa basi, amevaa koti la kuazima.

Mahafali aliyoyajua yalikuwa ya mdogo wake, miaka ya sabini. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakalala chini kwa heshima ya Kibemba, na hakuna aliyewazuia. Safari hii mtangazaji aliomba watu wasishangilie hadi majina yote yasomwe. Aliomba kwa Kiingereza. Mwewa hakuelewa.

Chalwe alipoitwa, baba yake alitoka kwenye kiti, akalala chali katikati ya ukumbi, akapiga makofi, akageukia ubavu, akapiga tena.

"Ni vile tunaheshimiaka mufalme," anasema. "Mutoto alikuwa amevala ile joho. Niliona kama ni mufalme anapita. Na mama yake hakukuwa, basi nililala kwa ajili ya sisi babili."

Ukumbi uliangua kicheko. Walinzi walimwinua kwa makwapa. Chalwe, akiwa jukwaani, alitazama viatu vyake.

Nje, watu wakipiga picha, Chalwe alimwambia baba yake: "Tata, mbona umenifanyia hivi mbele ya watu?"

Picha yao haikupigwa. Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Chalwe anafundisha Kitwe. Humtumia baba yake sabuni na sukari kupitia watu wa basi, lakini Kabuta hajakanyaga.

Priscille, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, anayesubiri mtumbwi huo, anatikisa kichwa. "Kwetu Lubumbashi, mutu akipata diplome tunamumwangia poda ku kichwa, tunacheza mu barabara. Papa Mwewa angelala kule, tungelala naye."

 Mwewa anageuza patasi mkononi, kisha anairudisha kwenye ufa uleule.

Mwishoni mwa mwaka huu kitinda mimba wake, Zacharia, naye atahitimu. Amemtumia baba yake ujumbe kwa dereva wa lori: aje, ila asilale chini.

"Nitaenda," anasema, akifuta lami vidoleni. "Nitakaa ku kiti. Bakiita jina yake, nitanyamaza. Bakimaliza yote, nitapiga makofi na benzangu."

Anachomeka pamba nyingine kwenye ufa.

"Pengine Chalwe atakuja kuona ndugu yake. Nataka anione vile nimekaa muzuri."