Fizi za Mbwa wa Babu

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Katoro kutafuta dawa ya kupe, nikaona mswaki wa mbwa. Mswaki kabisa, na dawa yake ya meno. Muuzaji akanicheka nilivyoshangaa: "Dada, siku hizi mbwa nao wanapiga mswaki." Nikatoka hata hiyo dawa ya kupe sikununua. Ndugu yangu, hasira nyingine hazizeeki.

Babu yangu, kule kijijini Kishapu, alisafisha meno ya mbwa wake kabla hatujayajua maduka hayo. Kila asubuhi akishakamua, mikono bado inanuka maziwa na samadi, alikaa kwenye kigoda na mbwa akaja mwenyewe kumwekea kidevu magotini. Babu alivingirisha kitambaa kidoleni, akachovya kwenye maji ya chumvi, akasugua fizi taratibu. "Mbwa asiye na meno ni kelele tu," alisema, "fisi hamwogopi." Majirani walimtania mpaka wakachoka.

Kisha babu akaenda msibani Mhunze, akakaa huko siku kadhaa. Huku nyuma shavu la mbwa likavimba, mate yakamchuruzika, akawa hali na hataki kuguswa. Jirani alipomwona akapiga mwano, ule ukelele wa hatari wa Wasukuma. Mwano ukilia, kila mwanamume lazima atoke na fimbo, asiyetoka hutengwa.

Babu ndiyo kwanza alikuwa anarudi. Akawakuta wamemzingira mbwa.

"Ni jino linamuuma! Niachieni nimtazame!"

"Mzee, mate hayo huyaoni? Huo ni kichaa," jirani akamjibu.

Wakamtaka aanze kupiga yeye, mwenye mbwa, ili kesho asije akamlaumu mtu. Mbwa alipoisikia sauti yake akajikokota, akaegemeza kidevu kwenye goti lake. Babu akapiga. Wengine wakamalizia.

Baadaye alimfunua mdomo mbele yao. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama kwenye ufizi, usaha umejaa. Akakichomoa, akawaonyesha. Jirani akasema: "Bora kinga, mzee."

Leo babu hayupo, zizi limegeuka shamba la pamba la mtu mwingine, na mwano sijausikia miaka mingi. Jirani yule yupo, mzee wa kuheshimiwa. Nikimkuta njiani namwambia shikamoo, kwa kuwa ndivyo babu alivyonilea. Ila marahaba yake siingoji.