Lebo Dazeni Sita za Ollerskew

Kwa miaka thelathini na sita Cuthbert Ollerskew aligawa barua katika bonde la Haverbeck, kwa baiskeli kwanza, kisha kwa gari jekundu la posta, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupeleka barua hata moja yenye jina la Ollerskew kwenye mlango usio wake. Mwingine angelicheka jambo hilo akaendelea na shughuli zake. Yeye lilimkaa rohoni. Akina Airey walikuwa wamejaa nyumba kumi na moja. Akina Metcalfe ndio usiseme, ukimwita mmoja kwenye mnada wa kondoo wanageuka watano. Lakini Ollerskew ilikuwa nyumba moja yenye mlango wa kijani karibu na kanisa, na ndani yake mwanamume mmoja ambaye hakujaliwa mtoto.

Jina lenyewe halikutoka mbali. Ukipanda mlima nusu saa utakuta kuta za mawe zilizobomoka na upupu umeota hadi kifuani. Hapo ndipo palipoitwa Ollerskew, tangu enzi za watu waliovuka bahari ya kaskazini na kuutazama msitu wa miti ipendayo kusimama majini, wakaupa jina kwa lugha yao. Familia iliyolima hapo ikaitwa kwa jina la mahali, kama ilivyokuwa desturi. Na kwa kuwa mahali penyewe palikuwa na nyumba moja tu, basi jina nalo likabaki la nyumba moja. Vijiji vikubwa vilizaa majina ya watu maelfu. Ollerskew ilizaa watu wachache, wabishi, wenye vifua vibovu.

Cuthbert alikuwa na hesabu yao yote. Serikali ilipohesabu watu mwaka 1881, akina Ollerskew walikuwa thelathini na wanne nchi nzima, na ishirini na tisa kati yao ungeweza kuwatembelea kwa miguu ukarudi kabla ya chakula cha jioni. Vita ya kwanza ilikula vijana watano. Ndugu wawili walihamia New Zealand wakazaa mabinti watupu. Mmoja alikufa mgodini, mwingine alikuwa kasisi wa Kikatoliki, kwa hiyo naye alikuwa kama mfu kwa upande wa hesabu. Kufikia mwaka 1998 alikuwa amebaki mmoja, na huyo alikuwa na miaka sabini na saba.

Hesabu hiyo ilikaa kwenye kadi, na kadi zilikaa ndani ya maboksi ya viatu chini ya ngazi. Wanaume kadi nyeupe, wanawake kadi za kijivu. Mwanamke akiolewa, Cuthbert alichukua muhuri aliouchonga mwenyewe, akaugandamiza kwenye wino mwekundu na kuipiga kadi: IMETOKA. Kwao mke huchukua jina la mume, hivyo binti akivuka kizingiti ametoka nalo na kulitupa. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko alivyopenda. Kila majira ya kuchipua alisafiri kwenda kwenye mkutano wa chama cha watu kama yeye, wanaofuatilia kila mmoja jina moja tu la ukoo. Bibi mmoja alikuwa na watu elfu sita wa jina lake kwenye kompyuta, akamwuliza kwa upole yeye ana wangapi walio hai. "Unazungumza nao wote," akamjibu.

Jirani yake, Harold Metcalfe, hakumwacha apumue.

"Kijana," Harold alimwita juu ya ukuta wa mawe, ingawa walikuwa rika moja, "nimesikia serikali inalinda popo na vyura. Kwa nini wasikuzungushie uzio?"

"Nenda ukawahesabu ndugu zako, Harold. Utafika Krismasi hujamaliza."

"Mimi nawakimbia, bwana. Wote wanataka kukopa ngazi."

Cuthbert alicheka, maana Harold alikuwa mtu wa kucheka naye. Lakini akiingia ndani alifunga mlango na kukaa pale ngazini, mbele ya maboksi yake, hadi chai ipoe.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu mambo haya yana mwanzo wake na mwanzo wenyewe haumpendezi mtu. Mwaka 1961, akiwa na miaka arobaini, Cuthbert alimwoa Doreen Rigg, mjane wa mchonga mawe, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Doreen alikuja na binti yake, Sheila, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye maswali. Septemba ile Sheila alikuwa anaanza shule ya wakubwa mjini, na shule ilitaka kila nguo iwe na jina la mwenyewe. Doreen, bila kumwuliza mtu, aliagiza lebo za kitambaa kutoka kiwandani, dazeni sita, zimefumwa kwa uzi mwekundu: S. OLLERSKEW. Alikwisha kuzishona kwenye sweta, sketi, koti la mvua na soksi za michezo, Cuthbert aliporudi kutoka kazini akaziona mezani.

Hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kelele. "Zifumue," alisema.

"Mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka, Cuthbert," Doreen akasema. "Anajaribu kuliandika jina hilo tangu Jumatatu. Mwangalie."

"Ana jina la baba yake, aliyelala pale makaburini. Si heshima kumvua jina hilo. Halafu msichana wa nini? Kesho ataolewa, atatoka nalo mlangoni, na mimi nitakuwa nimeandika kwenye kadi zangu mtu ambaye si damu na ambaye hakai." Akamgeukia mtoto, na kwa kweli alidhani anasema jambo jema. "Wewe niite Cuthbert tu. Baba yako ana jina lake."

Sheila hakulia. Alichukua sindano akakaa dirishani, akazifumua lebo kumi na nne moja moja, akiangalia asichane kitambaa. Tangu siku hiyo alimwita Cuthbert. Akamwita hivyo akiwa na miaka ishirini na tatu, alipopata mtoto wa kiume na mwanamume aliyekwenda kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta baharini na kusahau njia ya kurudi. Akamwita hivyo alipopata wa pili, kwa mwanamume mwingine ambaye alikuwa bora kidogo lakini si wa kuolewa naye. Hakuolewa kamwe. Watu wa Haverbeck walisema yote waliyoweza kusema. Wanawe wawili waliandikishwa kwa jina la mama yao, Rigg, kama sheria inavyoruhusu. Doreen alipofariki mwaka 1989, huyo Sheila aliyefumua lebo ndiye aliyekuja kila Alhamisi kumletea Cuthbert pai ya nyama na kumfulia mashuka. Sijui ungemwita nani mwenye moyo katika nyumba ile. Mimi ninajua.

Februari ya mwaka 1998 Cuthbert alikwenda Kendal, kwenye ofisi ya kumbukumbu, kuangalia jambo dogo. Katika Biblia ya familia baba yake aliandika kwamba Amos Ollerskew, babu wa babu yake Cuthbert, alikuwa mwana wa Thomas. Cuthbert alikuwa ameinakili hivyo hivyo kwenye kadi miaka arobaini iliyopita. Akakaa mbele ya mashine ya kusomea kurasa za kale za kanisa, akazungusha gurudumu, na mara akamkuta Thomas kwenye orodha ya waliozikwa: 1806, umri miaka kumi na mmoja. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hazai mtu miaka kumi na mitatu baada ya kuzikwa. Akazungusha tena hadi 1819, na mwandiko wa kasisi ulikuwa ukimsubiri pale wazi kabisa: Amos, mwana wa Ann Ollerskew, asiyeolewa.

Ann alikuwa dada yake Thomas. Alizaa nje ya ndoa, mtoto akachukua jina la mama. Matawi mengine yote ya ukoo, yale ya wanaume kutoka kwa wanaume, yalikuwa yamekauka kabla ya 1850. Kadi zake zilimwambia hivyo alipozipanga upya jikoni siku ile. Wale thelathini na wanne wa 1881, wale vijana watano wa vita, baba yake, yeye mwenyewe, wote walikuwa wametoka kwa msichana mmoja ambaye bonde zima lilimnyooshea kidole, na ambaye mtu mwenye aibu alimfuta kwenye Biblia na kumweka maiti wa kiume mahali pake. Kadi ya Ann ilikuwa ya kijivu. Hakuolewa, lakini aliondoka kijijini, na Cuthbert, kwa mazoea tu, alikuwa ameipiga muhuri mwekundu.

Wiki tatu baadaye mtoto wa kwanza wa Sheila, Neil, akapata binti.

Cuthbert alipanda mabasi mawili. Sheila alimfungulia mlango akiwa na taulo begani.

"Si Alhamisi," alisema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuomba."

"Umekuja kwa mabasi mawili kuomba? Basi kaa, kwanza chai."

Akaweka nakala ya ukurasa ule mezani, akamweleza kila kitu, Thomas, Ann, Amos, akimwonyesha mistari kwa kidole. Sheila alisoma polepole, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Mwanamke," akasema.

"Ndiyo."

"Hakuolewa."

"Ndiyo. Nilikosea, Sheila."

"Umechukua miaka thelathini na saba. Barua za watu ulikuwa unazifikisha siku hiyo hiyo."

Cuthbert alikunywa chai ingawa ilimchoma. Halafu akasema lililomleta. Neil na mwenzake Joanne walikuwa bado hawajamwandikisha mtoto. Sheria iliwapa wiki sita, na ilikubali jina lolote la ukoo watakalochagua wazazi. Kama mtoto angeandikwa Ollerskew, basi.

"Basi nini?"

"Basi angalau kungekuwa na mmoja."

Sheila alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Yaani ulipowakosa wote duniani, ndipo ukakumbuka kuna sisi."

Cuthbert angeweza kudanganya. "Ndiyo," alisema.

"Ungeniacha na lebo zangu, Cuthbert, leo wangekuwa wanne. Mimi, wavulana wawili, na huyo mdogo. Usingepanda hata basi. Ungekuwa nao bure, na kelele zao." Akageukia dirisha. "Mwulize Neil mwenyewe. Mtoto ni wake."

Neil alikuwa bustanini nyuma ya nyumba ya mama yake, mtoto amemlalia kifuani ndani ya koti lake. Alimsikiliza mzee hadi mwisho, bila kumkatiza. Alikuwa mtu mkubwa, fundi bomba, mpole.

"Babu Cuthbert," alisema, "ungeniomba figo ningekupa, na sitanii. Lakini Mama alitukanwa kwa ajili yetu kwenye kila duka la bonde hili, na alisimama na jina lake hilo hilo moja. Siwezi kumvua huyu. Yeye ni Megan Rigg. Unataka kumbeba?"

Alimbeba. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na alinukia maziwa. Hakufumbua macho.

Masika yakapita, kiangazi kikapita. Mwezi wa Novemba Cuthbert aliteleza kwenye ngazi zake mwenyewe akavunjika nyonga, na daktari akasema mambo ya kuishi peke yake yamekwisha. Harold alikuja kumuaga akashindwa kupata mzaha, akampa mkono tu. Maboksi ya viatu yaliwekwa kwenye stoo ya Sheila. Ofisi ya kumbukumbu ilisema ingeyapokea ikipata nafasi kwenye rafu.

Nyumba ya wazee ilituma karatasi ya masharti. La tatu lilisema kila nguo, hadi soksi, lazima iwe na jina la mwenyewe, maana dobi hufua za watu arobaini kwa pamoja.

Sheila alifika kwenye nyumba hiyo mchana, jua la baridi likiingia kwa dirisha, akakaa kando ya kiti cha Cuthbert na kikapu cha nguo. Akafungua kopo la biskuti. Cuthbert akaona ule wekundu kabla hajaweza kuyasoma maneno. Lebo zilikuwa zimeviringishwa vizuri, na juu zile kumi na nne, zenye matundu madogo ya sindano pembeni.

"Ulizihifadhi," alisema.

"Mama ndiye aliyezihifadhi. Alisema huenda siku moja ungebadili mawazo."

Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, akachukua sweta la kahawia. Alishona kwa mishono midogo, ya haraka, kama alivyofundishwa na Doreen. Sweta, kisha shati, kisha fulana nne.

"Zina S," Cuthbert akasema.

"Dobi hana habari na S."

Kwenye chumba kile mtu alikuwa anakohoa, na televisheni ilikuwa inaonyesha mbio za farasi kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee, na hakujisumbua kuyapangusa.

"Shona moja kwenye koti lako, Sheila," alisema. "Moja tu. Kwa ndani, pasipoonekana."

Sindano ilisimama. Alimtazama muda mrefu, na macho yake hayakuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi sihitaji, Cuthbert," alisema taratibu. "Nguo zangu nafua mwenyewe."

Akakata uzi kwa meno, akanyoosha mkono. Cuthbert akampa soksi nyingine.