Maji ya Chokaa kwa Marehemu

Nilipoolewa mtaa wa Bulla Pesa, miaka ya sabini ikielekea kuisha, nilijua mume wangu alikuwa amefiwa na mke. Sikujua kwamba marehemu naye angehesabiwa mtu wa nyumba yetu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Mke wake wa kwanza alizikwa Burat, kwenye shamba walilohamia wazazi wake, na juu ya kaburi mume wangu alisimamisha jiwe laini la kijivu alilolichonga mwenyewe: jina, msalaba, na maua ya kahawa pembeni, kwa sababu marehemu alilelewa Meru katikati ya mibuni. Lakini udongo wa pale una chumvi. Chumvi ilipanda ndani ya jiwe, jua likaikausha, na uso wa jiwe ukaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mbuzi wa majirani walikuja kulilamba.

Kwanza alilipaka saruji. Mvua zilipopita, saruji ikadondoka na kuondoka na nusu ya ua moja. Jioni hiyo alikaa bila kula. Nilimpakulia ugali, na moyoni nikafurahi kidogo.

Kisha padri mmoja wa misheni, aliyewahi kutengeneza makanisa ya zamani kwao ng'ambo, akamweleza dawa nyingine. Unatia chokaa kwenye pipa la maji, unafunika, unaiacha itulie chini mpaka maji ya juu yawe safi kabisa. Maji hayo ndiyo unayopaka, tena na tena, kwa wiki nyingi. Yamebeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Inaingia kwenye vitundu vya jiwe, na hewa ikiikuta humo inageuka kuwa jiwe tena.

Pipa likawekwa mlangoni kwangu. Na maji nilichota mimi, nikipanga foleni bombani tangu alfajiri. Kila jioni mume wangu alifunga mtungi kwenye baiskeli akaenda Burat. Siku nyingine alinyoa ndevu kwanza.

"Ukuta wa jikoni unamwaga mchanga kwenye sufuria yangu," nikamwambia. "Huo hauhitaji dawa?"

"Nitautengeneza."

"Lini? Nikishakufa?"

Baadaye akasema, "Kesho twende wote."

Tukaenda. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya jiwe. "Zamani ungeutoa umejaa mchanga," akasema. Niliutoa safi. Dawa ilikuwa inashika, na mimi nilikuwa nimeomba isishike.

Mama wa marehemu aliishi papo hapo shambani. Alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nasikia maji unachota wewe. Mungu akubariki. Umenitunzia binti yangu."

Nikasema asante, lakini niliumia. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mfanyakazi wa binti yake.

Tukirudi, mume wangu akisukuma baiskeli, nikamwuliza, "Na mimi utanichongea nini?"

"Wewe sitaki kukuchongea. Nataka unizike wewe."

Yalikuwa maneno ya mapenzi, nilijua. Lakini niliyapima njia nzima mpaka mjini. Mwenzangu alipewa maua. Mimi nilipewa matanga ya kuandaa.

Ukuta wa jikoni aliutengeneza mwezi uliofuata, kazi safi. Mvua za masika zikaja zikapita, na jiwe likasimama. Kila mwaka baada ya mvua alirudi kulipaka. Mwaka wa pili nilimwambia achote maji yake mwenyewe. Nilidhani ataona haya kusimama na wanawake bombani. Hakuona. Alipanga foleni na mtungi wake, akataniwa, akacheka nao. Kwa ajili yangu hakuwahi kuchota hata kikombe.

Siku moja, nami nikiwa kwenye foleni hiyo kuchota maji ya nyumbani, mwanamke mmoja wa Kiborana aliyesimama nyuma yangu akanigusa bega.

"Dada, una bahati," akasema. "Hapa mtu akifiwa na mke, anasahau mpaka kaburi liko wapi."

"Ni kweli," nikamjibu, na foleni ikasogea.