Karata ya Mwanamke wa Njiani

Nicheke ukitaka, mume wangu alinicheka kabla yako. Lakini mimi ni mtu wa Sabato, pombe siijui, na siku ile sikuwa na homa wala usingizi. Haya ninayokusimulia yalinipata mchana, sokoni Ndhiwa, ndani ya kibanda changu ninachouzia vitambaa vya makochi. Usiponiamini, mtoto yupo. Njoo kwangu umwone.

Wakati huo binti yangu Achieng, aliyeolewa Magunga, alikuwa na mimba kubwa. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii tuliibeba sote. Simu ikilia, moyo uliniruka kabla sijatazama nani anapiga. Nilikuwa nashona maua kwenye kitambaa ili mikono ipate kazi, na nilikuwa najidunga vidole kama mwanafunzi.

Mvua ikashuka, ile ya kufunga soko. Watu wakakimbilia vibandani, na mwanamke mmoja nisiyemjua akaja kwangu. Hakuwa mzee wala kijana.

"Mama, naomba nikae hapa mvua iishe."

"Kaa tu. Mvua ya leo haina adabu."

Akasema ametoka upande wa Migori, kule mpakani, na Kijaluo hajui, tuongee Kiswahili. Sikuona ajabu, soko ni la watu wote. Kitu kimoja nilikiona bila kukifikiria: pindo la gauni lake lilikuwa na vumbi jekundu. Vumbi, katika mvua ile! Wewe ungeshtuka? Mimi sikushtuka. Nilimpa kigoda.

Akafungua kikoba akatoa karata. Si zile wanazochezea vijana. Hizi zilikuwa kubwa, nene, zimelainika pembeni kwa kushikwa. "Nasomea watu bahati," akasema, "lakini wewe nitakuonyesha tu picha." Najua nilipaswa kumfukuza. Mchungaji wetu ametuonya na ramli mpaka sauti imemkauka. Lakini macho hayana pazia, na mimi ni mtu wa rangi na nyuzi.

Niamini, sijaona kazi ya mkono kama ile. Kila karata ilizungushiwa pembetatu ndogondogo, kama zile ambazo wafinyanzi huchora shingoni mwa chungu. Moja ilikuwa na jua lililofumba macho. Nyingine, mwanamke anavuta mvua kutoka winguni, uzi mmoja mmoja, anaizungushia mtungi. Nyingine ilikuwa ya jioni: ng'ombe wanaingia bomani, na vivuli vyao vinatoka. Niliitazama hiyo mpaka nikasahau mvua. Nikamwuliza maana yake.

"Ng'ombe ni vile vinarudi nyumbani," akasema. "Vivuli ni vile havijaruhusiwa kurudi."

"Na hili jua, mbona limefumba macho?"

"Jua huona kila kitu. Likifumba, kuna mtu anapita hataki kuonekana."

Maneno hayo yalinitia baridi, lakini tamaa ilikuwa kubwa kuliko baridi. Zile pembetatu nilikuwa nimeshaanza kuzichagulia nyuzi kichwani, niziweke kwenye vitambaa vyangu.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Kwenu hizi mnaziitaje?"

Hapo ndipo nilipojikwaa, na Mjaluo yeyote angejikwaa palepale. Mtu mwingine angesema mvua, jioni, jua. Lakini sisi mtoto tunampa jina la saa aliyozaliwa na hali aliyozaliwa nayo, na picha zile kwangu zilikuwa kama watoto waliopanga foleni. Nikacheka, nikaanza kumwitia kwa mzaha: "Huyu wa mvua ni Akoth. Huyu wa jioni ni Adhiambo. Huyu wa jua ni Achieng, kama binti yangu." Kila nilipotaja, alilaza karata juu ya vitambaa. Ya jua aliifunika kwa kiganja chake, na kiganja hakukiondoa.

Nikataka kusema basi, lakini tayari alikuwa ameinua ya mwisho.

Hiyo peke yake haikuwa na pembetatu. Ilikuwa na barabara nyekundu na mwanamke amenipa mgongo, mkono mmoja kiunoni, vile anavyojishika mwenye mimba aliyechoka. Mchoraji alikuwa amechora kila kokoto, ila nyuma ya mwanamke hapakuwa na alama ya mguu hata moja.

"Na huyu?"

Mdomo huponza kichwa. "Huyu yuko njiani," nikasema. "Huyu ni Ayoo."

Akafumba macho kama mtu aliyepata maji baada ya kiu. Kisha akasema, kwa Kijaluo safi kuliko changu, "Iseluonga."

Yaani, umeniita.

Simu ikalia chini ya vitambaa. Niliinama kuitafuta, na nilipoinuka kigoda kilikuwa kitupu, na karata hazipo. Juu yake palibaki vumbi jekundu, kavu. Mama anayeuza dagaa wa omena kibanda cha mbele akapiga kelele akiniita mama wa Achieng, "Min Achieng, unaita watoto wa nani kwa hii mvua?"

Kwenye simu alikuwa mkwe wangu. Uchungu umemshika Achieng kabla ya wakati, wako garini wanampeleka hospitali Homa Bay. Nilifunga kibanda bila kukunja kitu. Nikiwa bado natafuta gari akapiga tena: wamekwama kwenye matope Lambwe, na mtoto amezaliwa. Msichana. Amezaliwa wapi? Njiani.

Niliwakuta hospitalini. Achieng alikuwa hai, mtoto hai, lakini mtoto alilia na titi hakulitaka. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Kesho yake akalia, na kesho kutwa, mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka aliyefungiwa stoo.

Kwetu mtoto wa namna hiyo anatafuta jina. Marehemu fulani anataka kuitwa, basi mnataja majina ya waliotangulia, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama mkwe wa Achieng akawataja wa upande wao wote, mimi nikawataja wetu. Mtoto alilia tu. Kuna jina moja ambalo hata asiye na akili angelitaja kwanza kwa mtoto aliyezaliwa barabarani, na niliona mama huyo analiruka kila mara. Mimi pia nililiruka. Niliogopa, nakuambia ukweli. Nikilitaja, ninamkaribisha nani? Nisipolitaja, tunamzika nani?

"Mama," Achieng akasema, midomo imemkauka, "fanya kitu. Huyu pia asiende."

Nikainama sikioni kwa mtoto. "Ayoo."

Akanyamaza palepale. Akageuza kichwa, akatafuta titi, akanyonya.

Mama mkwe wa Achieng aliangusha kikombe cha uji. "Hilo jina umelitoa wapi?" Akanivuta nje, na huko ndiko alikoniambia. Ayoo alikuwa dada ya mumewe. Alipata mimba kabla ya kuolewa, wakamfukuza, akafa barabarani akijikokota kwenda Homa Bay, mtoto wake bado tumboni. Wakamzika nje ya ua, na wazee wakakataza jina lake asipewe mtoto yeyote. "Kwetu hakuna mtu angeweza kulitamka," akasema.

Ndiyo maana alinifuata mimi, Ndhiwa, nisiyejua kitu.

Sasa mtoto anakwenda shule ya chekechea. Ana jina la kanisani, zuri sana, lakini ukimwita kwa hilo hageuki. Ni mzima, ni mcheshi, ninampenda kwa moyo wangu wote, na ninamwogopa. Akija kulala kwangu ninamwosha miguu mwenyewe kabla ya kulala. Asubuhi ina vumbi.

Basi wewe unayenisikiliza, mtu akikuonyesha picha, isifu. Sifu rangi, sifu mkono uliochora. Akikuuliza huyu ni nani, sema hujui, hata kama unajua.

Jana Ayoo alikuja na vipande vya boksi alivyovikata na mkasi wangu. Alikuwa amevichora kwa makaa, vizuri kupita umri wake, akanipangia mezani. Kimoja kina mtu amesimama nje ya ua, amenipa mgongo.

"Dani," akaniuliza, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "na huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia amechora vizuri. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.