Maji Niliyomnyima Mdogo Wangu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu zahanati, tumbo linamharisha. Muuguzi, binti aliyehamia huku kwetu kikazi, akakoroga unga wa chumvi na sukari kwenye maji, akanikabidhi kikombe na kijiko. "Mpe kidogokidogo, bibi. Kila akiharisha, mpe tena." Nikampa. Kisha nikabaki nimeshika kijiko hewani mpaka binti akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Ila nilikuwa nimerudi Mnyambe ya zamani, kijiji cha ujamaa kikiwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wanapigana na wenyeji, na sisi tukipalilia tuliyasikia mabomu yao kama mtu anayetwanga mbali. Baba alikuwa amefariki, mama akamfuata kwa uzazi. Mimi mkubwa nikaacha shule darasa la tatu, nikawalea wadogo zangu watatu pamoja na bibi, mzaa mama.

Maji tuliyafuata bondeni. Tulishuka genge alfajiri, tukapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakolea. Njiani akina mama walinitania, "Shikamoo Mama Watatu, wanao hawajambo?" Nami nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito, wakacheka mpaka maji yakawamwagikia. Nikifika nyumbani nakuta bibi amechemsha ming'oko, viazi vya porini, na moshi wa korosho unatuwasha macho. Ilikuwa raha, wala sikuficha.

Msimu mmoja wa mabibo, mdogo wangu anayenifuata akaanza kuharisha. Alikuwa na miaka minne, mtoto wa maneno mengi. Bibi alijua walichojua watu wote: tumbo linaloharisha halipewi maji, ukilipa unalichochea. Akaniweka nilinde mtungi. "Wewe ndiye mkubwa," akasema. "Usimwonee huruma ukamuua."

Bibi mwenyewe akaacha kunywa, mtoto asije akamwona akatamani.

Siku ya pili mdogo wangu akaja akitambaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

"Dada, maji."

"Ukipona."

Akafikiri kidogo. "Nimepona."

Nikamrudisha kwenye mkeka. Akaja tena, safari hii hakuomba. Akaweka ulimi ubavuni mwa mtungi, pale udongo unapotoa unyevu, akalamba. Nikamtoa. Hakulia, macho yalikuwa makavu. Nilijiona dada imara, ninayemwokoa.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alikata roho mikononi mwa bibi. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeujaza mimi, kwa kichwa changu. Yale maji ndiyo yaliyomwosha, nayo yakabaki. Tulipotoka kuzika ndipo bibi akanywa.

Sikumchukia bibi, wala leo simchukii. Alikuwa amezaa tisa, akazika sita kabla hawajaota meno ya pili, na kila mmoja alimtunza kwa namna aliyofundishwa. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu watatu. Ndivyo akina mama wa wakati ule walivyohesabu.

Siku hizi vijana huniambia watu wa zamani waliishi sana kwa sababu ya kisamvu na ming'oko, hakuna vidonge wala mafuta ya dukani. Huwa nawaacha. Wanawakumbuka vikongwe wachache waliofika, hawakuviona vilima vidogo vya udongo nyuma ya kila nyumba. Watu wa leo wanafika uzeeni kwa sababu wanavuka utoto: kuna chanjo, kuna maji karibu, kuna binti wa kukuelekeza kijiko. Jambo dogo kiasi hicho. Nilikuwa nalo ndani ya nyumba.

Mimi nimeshapita umri aliofia bibi. Vile vilima mvua imevisawazisha, mikorosho imepandwa juu yake, na mahali alipolala mdogo wangu sipajui tena kwa uhakika. Wadogo zangu wawili walikuwa wachanga mno, hawamkumbuki. Hana picha, hana cheti. Sauti yake ikisema "nimepona" imebaki kwenye masikio yangu tu, na masikio yenyewe yameanza kuziba.