Meli Haidandiwi Kama Treni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia mtu anafunga safari ya majini: siku niliyomwacha mama yangu melini peke yake, tiketi yake ikiwa mfukoni mwangu. Sikumwacha kwa uvivu wala kwa ulevi. Nilimwacha kwa sababu nilitaka kila kitu kiende sawasawa.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa fundi cherehani kijana, nashonea kibarazani mjini Shinyanga. Kushona nilijifunza kwa kutazama, kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja: kwamba siku moja waliofundishwa watamgundua. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kufumua. Suruali imekwisha, mteja ameipenda, mimi naona kasoro, nafumua. Wateja walinitania, "Fundi Masanja, nifumue basi na mimi, labda nimeshonwa vibaya." Nilicheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Dada yangu Kabula alikuwa ameolewa Nyamirembe, ng'ambo ya ziwa, akajifungua. Mama akatoka kijijini Samuye na kibuyu cha samli ya mzazi, tukapanda treni hadi Mwanza, na kesho yake asubuhi tukaingia melini.

Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikaona dawa ni kushika kila kitu mimi. Tiketi zote mbili nilizishonea ndani ya koti langu. Chakula nilikifungia sandukuni, ufunguo nikautia mfukoni. Karatasi yenye jina la shemeji, mfukoni vilevile. Jina hilo mama asingeweza kulitamka hata kama angelijua vipi, maana kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Mama mkwe hamtaji kwa jina lake.

Basi mama akaanza kunitia aibu. Hata hajakaa vizuri kwenye benchi la daraja la tatu, anasalimia. "Mwangaluka!" huku, "Mwangaluka!" kule, na salamu ya Kisukuma haiishii kwenye salamu. Wewe ni wa ukoo gani? Mama yako alitoka wapi? Kwenu mvua imenyesha? Pembeni yetu alikaa mama mmoja aliyejitanda kanga, mfanyabiashara wa Mwanza aliyeitwa Mama Zuhura. Akamjibu kwa Kisukuma kizuri, na muda si muda akawa ameshasikia habari za Kabula, za kichanga, na za mume wa Kabula anayetengeneza baiskeli.

"Mama," nikamnong'oneza, "usiwaeleze watu mambo yetu. Humu kuna wezi."

"Mwizi ataiba nini, Masanja?" akajibu kwa sauti. "Uzazi wa Kabula?"

Benchi zima likacheka. Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu.

Mchana meli ikafunga kwenye gati dogo upande wa Geita kushusha mizigo. Nilikuwa nimemuuliza baharia tutafika Nyamirembe saa ngapi, akasema kabla ya jua kuzama. Jibu hilo halikunitosha. Nikamuuliza mwingine, naye akasema hivyohivyo, nikaona wamepatana. Ndipo nikashuka, mwanangu, kwenda kumuuliza mtu wa nchi kavu. Mama nilimwambia asiondoke pale.

Karibu na gati palikuwa na banda la chai la mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyeitwa Mzee Shabani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanimiminia chai ya tangawizi. Kabla sijapata jibu langu, honi ikalia.

"Meli yako hiyo," akasema.

"Bado, mzee. Hiyo ya kuamsha watu tu."

Hapa inafaa nieleze. Sisi watu wa Shinyanga tulilelewa na reli. Treni ikipiga honi pale stesheni, msafiri wa kwetu alimaliza chai yake, akalipa, akaaga, na mabehewa yakianza kujivuta ndipo akakimbia kidogo na kudaka chuma cha mlangoni. Kupanda treni iliyosimama tuliona ni mambo ya bibi harusi. Mimi niliyeogopa kila kitu, hilo sikuliogopa, kwa kuwa nilidhani nalijua. Nikapuliza chai.

Mzee Shabani akanitazama. "Kijana, kwenu wapi?"

"Shinyanga."

"Nilijua! Weka kikombe, kimbia!"

Nilipofika, ngazi ilikuwa imekwisha kuvutwa, na kati ya gati na meli palikuwa na maji, upana wa mlango tu. Baharia akanipigia kelele nisiruke. Mlango ukawa chumba, chumba kikawa uwanja. Nikamwona mama pale benchini, ameelekeza uso upande usio wangu, anatabasamu na mtu. Hajui.

Nilirudi bandani, nikamweleza mzee yote: tiketi, ufunguo, karatasi. Nilitegemea pole.

"Mama yako haoni vizuri," akasema, "nawe ukamnyang'anya na mikono. Huko si kumtunza, mwanangu. Mtaka yote hukosa yote."

Akanipa mkeka wa kulalia, na asubuhi akanitafutia lori lililokuwa likienda kupakia pamba upande wa Nyamirembe. Njia nzima nilimwona mama: ameshushwa pasipo pake, ana njaa mbele ya sanduku lililofungwa, anaulizwa jina la mkwewe naye ameziba mdomo kwa kiganja.

Nilimkuta kwa Kabula, amepakata mjukuu.

Mama Zuhura ndiye aliyemlisha. Baharia alipodai tiketi, mama alisema, "Iko kwenye koti la mwanangu, na koti limebaki nchi kavu," na lile benchi lililonicheka likasimama lote kumshuhudia. Jina la mkwe hakulitamka hata pale, wala halikuhitajika. Mama Zuhura aliulizia kwenye gati la Nyamirembe fundi baiskeli aliyepata mtoto, watu wakampeleka mama hadi mlangoni. Yale maneno niliyoyaonea aibu ndiyo yaliyomfikisha.

Nilipiga magoti kuomba radhi. Akanipapasa uso, akauliza kama nimekula. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Nikampa. Hakunirudishia tena.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnakwenda kupanda meli kubwa ya matembezi, itakayofunga bandari hii na ile. Ukiingia, kabla hujatafuta pa kupigia picha, tazama maboya yamewekwa wapi na njia ya kutokea ni ipi. Kila mtu abebe tiketi yake na dawa zake mwenyewe, hata mzee, hata mtoto aliyepata akili. Msalimie uliyekaa naye, umwambie unakokwenda. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ukiwa melini ndugu wote wako mbali. Usile ukavimbiwa, na uwe na kipande cha tangawizi, maana maji yakichafuka tumbo nalo huchafuka. Gati likionekana msikimbilie nyote upande mmoja, chombo hulemewa. Ukishuka bandarini, uliza saa ya kuondoka kwa saa ya melini, umwamini aliyekujibu, urudi kamba zikiwa bado zimefungwa. Honi si ya kukuita, ni ya kukuaga. Chai ya gatini ni tamu, lakini iache kikombeni.

Mungu akupe maji matulivu na majirani wenye huruma, akufikishe, akurudishe kwenu salama.

Mimi kufumua sijaacha. Jana tu nimefumua kola nzima. Ila tangu siku ile tiketi ya mtu mwingine haijaingia tena mfukoni mwangu, na nikipanda chombo chochote, wa kwanza kusalimia benchi ni mimi.