Sauti Aliyoiita Maji

Katika visiwa na vijito vya Mbwera, mtu akitaka dungu imara, kibanda cha juu ya nguzo cha kukaa msimu mzima wa mpunga, alimwendea Sufiani Mketo. Sufiani alichagua miti ya mikoko mwenyewe, akaichimbia chini sana, na sakafu aliyoitandika juu yake haikuyumba hata watu wanne wakicheza bao. Hakuwa msemaji. Alikuwa mkali wa kazi na mkali wa nyumbani, na watu walimheshimu kwa yote mawili.

Heshima hiyo ilizidi mwaka wa mafuriko makubwa. Siku ile alisikia mvumo kutoka juu ya mto, akampandisha mkewe na mwanawe dunguni, na maji yakapita chini yao siku nne, yamebeba kuku, milango na magogo. Majirani wawili hawakuonekana tena. Tangu hapo Sufiani akaweka sheria: ukisikia mvumo usiokatika, panda. Dungu lake jipya alilijenga refu kuliko yote, akaliezeka kwa bati, likasimama peke yake katikati ya mpunga.

Nasra, mkewe, aliicheka sheria hiyo. "Baba Ashrafu, kwako kila kinachonguruma ni maji. Siku moja utanipandisha juu kwa sababu ya tumbo lako."

Ng'ambo ya kijito alilima Abdulazizi, mtu mfupi mwenye maneno mengi, aliyepasua mbao Njombe, kwenye nchi ya baridi, miaka kumi kabla ya kurudi kwao. Kila habari yake ilianzia Njombe, watu wakamwita Baridi. Yeye na Sufiani walikuwa wamegombana juu ya tuta la mpaka, na salamu zao zilikuwa za mdomoni tu.

Alasiri moja ya mwezi wa nne, mpunga ukiwa umeanza kushika punje, Nasra alikuwa shambani na mumewe, akiamia ndege kwa kombeo. Wingu likaja kutoka bara, jeusi, tumboni lina rangi ya kijani. Radi zikaanza. Kisha ikaja sauti nyingine. Radi hupiga ikanyamaza, hii haikunyamaza. Ilivuma kama mashine ya kukoboa iliyo mbali, ikazidi, ikazidi, wala hapakuwa na upepo. Ndege wote wakaruka kwa pamoja wakaondoka.

"Maji!" alisema Sufiani. "Panda, mama Ashrafu!"

"Maji gani? Kijito hakijapanda hata shubiri."

"Nimesema panda!"

Abdulazizi alikuwa ameshaupindua mtumbwi wake ukingoni. Akapaza sauti: "Sufiani! Si maji hayo, ni mvua ya mawe! Mawe! Njombe nimeyasikia mara ngapi! Mshushe mkeo, ingieni chini ya mtumbwi wenu! Huko juu mtapigwa na radi!"

"Njombe yako irudishe Njombe!" Sufiani alimjibu. "Tuta la mpaka hulijui, utajua mvua?"

Nasra alisimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu, akacheka kidogo. "Baridi leo amepata la kusema." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikiliza, Baba Ashrafu. Sauti iko mbinguni, haiko mtoni."

"Unamsikiliza mumeo au unamsikiliza yule?"

Nasra akapanda.

Sufiani alikimbilia mtumbwi wake ili auvute hadi chini ya dungu. Hakuwahi. Mawe yalishuka makubwa kama ndimu, mpunga ukalala, naye akajifunika mtumbwi huo huo alioambiwa ajifunike. Ukaja mwanga na mshindo kwa pamoja. Alipotoka, mguu mmoja wa dungu ulikuwa umepasuka tangu juu hadi chini, na moshi ulitoka sakafuni. Kijito kilikuwa pale pale.

Nasra alizikwa kesho yake asubuhi.

Msibani watu hawakuzungumzia radi sana. Walizungumzia ile sauti, kwani kijiji kizima kiliisikia na hakuna aliyewahi kusikia kama hiyo. "Radi ya Mungu haingurumi vile," alisema Bi Subira, shangazi wa marehemu. "Ile imeagizwa." Kibwana, kaka yake Nasra, aliyekuja kutoka Mtawanya, akaongeza: "Watu watatu wamemsikia Baridi akipiga kelele 'mawe' kabla jiwe moja halijaanguka. Amejuaje? Na tuta si wamegombania?"

Wale watatu walikuwa mbali. Neno hilo moja tu ndilo lililowafikia. Waliosikia maneno yote walikuwa Sufiani na marehemu; Abdulazizi mwenyewe hakuna aliyemsadiki.

"Pole, shemeji," watu walimwambia. "Umefanyiwa." Naye aliinamisha kichwa akapokea. Hakutamka uongo hata neno moja. Aliacha tu wengine waseme, na huo ni uongo ule ule, umevaa kanzu. Siku ya pili vijana walikwenda shamba la Abdulazizi, wakang'oa mpunga wote uliosalimika na mawe. Sufiani alipata habari. Akanyamaza.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Kibwana alisimama. "Kesho mganga anakuja. Baridi atakunywa dawa ya kiapo mbele yetu, au atahama kisiwa hiki."

Abdulazizi alikuwa ameketi mlangoni, penye viatu. Sinia lilikuwa limempita. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Hana kosa," alisema Sufiani.

"Kaa, shemeji. Una huzuni."

"Sijamaliza. Alituambia ni mawe, akasema nimshushe dada yako. Nikamtukana. Nasra naye akasema sauti iko juu. Nikamuuliza anamsikiliza nani. Akapanda kwa sababu nilimwamrisha."

Kibwana akamgeukia.

"Siku tatu unakula pole zetu?"

Sufiani akaketi chini.

"Ashrafu akifika kutoka Utete utamweleza mwenyewe. Mimi sitakusaidia." Akaokota viatu vyake. Watu wa Mtawanya waliondoka alasiri ile ile bila kuaga.

Sufiani alimkuta Abdulazizi nje, kwenye mtungi. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Juzi ningekusamehe," alisema Abdulazizi. "Juzi nilikuwa na mpunga."

Asubuhi iliyofuata Sufiani alikwenda na jembe akalivunja tuta la mpaka, akalijenga upya ndani kabisa ya shamba lake, na mpunga uliobaki upande ule akamwachia Abdulazizi avune. Abdulazizi aliuvuna. Hakusema ahsante, wala hakudaiwa.

Sufiani bado hujenga madungu. Lakini kabla ya kuchimba shimo la kwanza, humweleza mwenye shamba jinsi mkewe alivyokufa na nani alimwambia apande. Wengine humwacha hapo hapo wakatafute fundi mwingine. Huwaacha waende.